Umerisiti PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) na bado unautaka udaktari? Fanya hivi

Kila Julai matokeo ya fomu siksi yakitoka simu yangu hailali, madogo kuanzia Sakina mpaka Usa River wanauliza kitu kilekile, kaka nimechemka, nirisiti, yaani nirudie mtihani, au niachane nayo? Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilipata Baiolojia C, Kemia E, Fizikia S, mshua akanyamaza siku mbili nzima. Nikarisiti Arusha, sasa hivi nasoma MD, yaani shahada ya udaktari, Moshi mwaka wa tatu. Kwa hiyo naandika hapa mara moja, mkiniuliza nawatumia hii.

Hatua ya kwanza: yasome matokeo yako bila huruma. MD inataka principal tatu, Fizikia, Kemia na Baiolojia. Principal ni A mpaka E. S siyo principal, usijidanganye, ile inabeba nusu pointi tu na haikufikishi popote. A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Fungua kitabu cha mwongozo cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) cha mwaka huohuo unaoomba, siyo PDF ya mwaka juzi iliyotumwa kwenye grupu, maana vigezo vya alama kwa kila somo vimeshabadilika zaidi ya mara moja. Halafu ujue kile ni kiwango cha chini tu, nafasi za MD zinagombaniwa, ukifika na alama za kubahatisha watakupita wenye B zao.

Hatua ya pili: jiandikishe mapema kama mtahiniwa wa kujitegemea. Dirisha la NECTA (Baraza la Mitihani) kwa fomu siksi linafunguka Julai, mwisho wa Septemba bila faini, Oktoba unaingia na faini. Mtihani wenyewe Mei. Unaanzia kituoni, wanakupa namba, unalipia kwa kontrol namba halafu unamalizia mtandaoni. Kipindi changu nililipa 50,000. Sasa sikiliza, kabla hujachagua kituo NENDA UKAIONE MAABARA. Kituo nilichotaka mwanzo kilikuwa dakika kumi kwa mguu kutoka nyumbani, nikaomba kuchungulia maabara, nikakuta bureti (mirija ya kioo ya kupimia asidi) mbili zinavuja na meter bridge (kifaa cha umeme cha Fizikia) moja ya kugombania watu kumi, na mwalimu anacheka tu, anasema mtihani ukifika vitapatikana. Nikaondoka, nikaenda kituo cha mbali cha kupanda vifodi viwili.

Hatua ya tatu: prakitiko, yaani mtihani wa vitendo maabara. Hapa ndipo wengi wetu tunafia. Ukiwa PC (mtahiniwa wa kujitegemea) unasoma twisheni na pasti pepa, nadharia inapanda kweli, lakini mikono inakuwa imesahau na pepa ya tatu, ile ya prakitiko, inakusubiri palepale. Tafuta shule au kituo cha twisheni chenye maabara, lipia hata Jumamosi tu, mimi nilianza Januari na nilichelewa. Chukua titresheni, ile ya kudondosha asidi kwenye alkali mpaka rangi ibadilike. Mkono wa kushoto unazunguka nyuma ya bureti na kushika koki, wa kulia unatikisa chupa, macho yako usawa wa maji unasoma sehemu ya chini ya ule mkunjo wa uso wa maji, unaandika desimali mbili, 22.50 siyo 22.5. Kama kiashiria ni phenolphthalein na unadondoshea asidi kwenye alkali, unaanza na pinki, ikianza kufifia punguza mwendo iwe tone tone, chini ya chupa weka karatasi nyeupe ili uone vizuri. Mimi mara ya kwanza nilikuwa naachia koki kama bomba la Kilombero sokoni, kila raundi jibu lake, wastani haueleweki. Raundi ya majaribio ndiyo ya kukimbia, zinazofuata ni za taratibu, na zikaribiane. Nilirudia mpaka vidole vikazoea, na ukweli Kemia ilitoka E kwenda B kwa sababu hiyo zaidi ya madesa yote niliyosoma.

Fizikia fanya pendulamu, spring na umeme mpaka uchoke, na graph uchore kwa penseli iliyochongwa. Baiolojia pasua panya zaidi ya mmoja. Basi.

Hatua ya nne: majina. Fanya hii ukiwa bado unasubiri matokeo. Chukua cheti cha kuzaliwa, cha fomu foo na usajili wako wa kurisiti, viweke mezani pamoja, soma herufi kwa herufi. Huku kwetu Mollel inaandikwa Molel, Laizer inakuwa Laiza, mwingine jina la babu lipo cheti kimoja, kingine halipo. Dogo mmoja wa Ngaramtoni alikuwa na alama nzuri kunizidi, akatumia wiki nzima kwa wakili na RITA (ofisi ya vyeti vya kuzaliwa), wenzake wakiwa wameshaomba mkopo.

Hatua ya tano: kuomba. Tangu 2017 unaomba chuo chenyewe moja kwa moja, siyo TCU tena. Kwa hiyo KCMC ya hapa Moshi, MUHAS, Bugando, UDOM, kila kimoja akaunti yake na ada yake, panga hela. Mfumo unavuta matokeo NECTA kwa namba ya mtihani, na hapa warisiti tunakosea sana, unaingiza ile namba ya zamani ya S (ya shuleni) wakati matokeo mapya yako kwenye namba ya P (ya kujitegemea) na mwaka wake. Kama umerisiti somo moja tu, piga simu ofisi ya udahili ya chuo uulize wanataka uziingizeje namba zote mbili, usikisie. Chaguo la pili na la tatu usiandike MD zote, weka uuguzi, famasia au maabara. Njia ya diploma ya utabibu miaka mitatu nayo ipo, nawajua waliopita huko na wako vizuri.

Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja unathibitisha kimoja kwa kodi, yaani namba ya siri inayokuja kwenye simu. Laini uliyojazia isizimwe, isiwe ya shangazi aliyeko Simanjiro kusiko na netiwaki. Mimi kodi yangu ilikuja saa tano usiku umeme umekatika, chaji asilimia nne, nikaenda kuichomeka kwa mlinzi wa jirani mwenye sola.