Ndege ikitekwa angani: somo kwa wanaoondokea uwanja wa ndege wa Luano

Ndugu zangu wa Lubumbashi mnaopitia Addis Ababa kwenda kuleta bidhaa, shikeni tarehe hii: 23 Novemba 1996. Ndege ya Ethiopian Airlines ilitoka Addis Ababa kwenda Nairobi, watu watatu wakaiteka, wakataka iende Australia. Rubani Leul Abate aliwaambia mafuta hayatoshi. Hawakumsikia. Mafuta yakaisha, ikaanguka baharini karibu na ufuo wa Komoro. Kati ya watu 175, walikufa 125.

Hatua ya kwanza ni kabla ya kuruka: hesabu viti hadi milango ya dharura, mbele na nyuma. Moshi ukijaa, utapapasa tu.

Ya pili: watekaji wakiinuka, kaa, funga mkanda, mikono ionekane. Usibishane nao. Anayetaka fedha au kupelekwa nchi nyingine, mara nyingi ndege hutua na mazungumzo huanza.

Ya tatu ni kupigana, na hapa pagumu. Tarehe 11 Septemba 2001 abiria wa ndege ya United 93, kule Marekani, walisikia kwa simu kwamba ndege nyingine zimebamizwa kwenye majengo. Wakainuka pamoja. Walikufa wote, ila ndege haikufika ilikolengwa. Desemba hiyo, mtu aitwaye Richard Reid alijaribu kuwasha bomu kiatuni akiwa ndani ya ndege. Wahudumu na abiria wakamkamata, wakamfunga kwa mikanda. Kwa hiyo ukiona mtu anawasha kitu au anavunja mlango wa rubani, usingoje. Lakini usiende peke yako: wengi kwa mara moja, mshikeni mikono kwanza.

Ya nne ndiyo inayoniuma zaidi. Kule Komoro, wako waliojaza hewa jaketi la kuelea wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, jaketi likawapandisha darini, wakashindwa kupiga mbizi hadi mlangoni. Livae, lifunge, ila kamba uivute ukiwa unatoka mlangoni.

Maswali

*Mama wa Katuba: Mwalimu, nasafiri na mtoto mchanga. Nifanyeje?*
Mama, mapambano waachie wengine. Ukiingia tu, mwombe mhudumu mkanda mdogo wa mtoto na jaketi lake, akuonyeshe linavyovaliwa.

*Papa wa Kamalondo: Nibebe kisu kidogo?*
Hapana Papa, kitachukuliwa kwenye ukaguzi. Begi lako ni ngao ya kutosha.

*Kijana wa mtaa wetu wa Kenya, hapa Lubumbashi: Sijui Kiingereza. Wakitangaza?*
Mdogo wangu, kwenye mfuko wa kiti cha mbele yako kuna kadi ya michoro. Itazame kabla ndege haijaruka.