Darubini ya kuangalizia mishale kwa bei nafuu: usinunue namba ya kwenye boksi

Ukisimama mita 70 kutoka kwenye shabaha, jicho lenye afya hutenganisha vitu vilivyoachana kwa milimita 20 hivi. Chini ya hapo vinaungana. Mshale wa kaboni wa mashindano ya nje, kwa upande wake, una unene wa milimita 5 au 6. Kwa hiyo unachoona bila darubini ni karatasi yenye rangi, na labda ukakasi fulani kwenye nyekundu unaokufanya udhani mshale umeingia pale. Huwezi kusogeza saiti, kile kilengeo cha kwenye upinde, kwa kudhani.

Kazi ya darubini kwenye mstari wa kurushia ni hiyo tu: mshale uko wapi, basi. Haiangalii ndege wala mwezi, na mtu akilishika hilo vizuri anaokoa nusu ya pesa yake.

Anza na umbali unaorusha. Darubini inayokuza mara 20 huisogeza shabaha ya mita 70 ikaonekana kama iko mita 3 na nusu, na ile ya mita 50 kama iko mita 2 na nusu. Kwenye karatasi ya sentimita 122 ya mita 70, duara la pointi kumi lina kipenyo cha sentimita 12.2 na lile dogo la X lililo ndani yake sentimita 6.1. Kwenye karatasi ya sentimita 80, wanayotumia watu wa kompaundi (upinde wenye magurudumu kwenye ncha) kwa mita 50, kumi ni sentimita 8 na X ni sentimita 4. Mtu aliyesimama hatua tatu kutoka ukutani anaona kitu cha sentimita 4 bila taabu, na mshale wenyewe anauona pia. Ukuzaji wa mara 15 hadi 25 unakidhi mahitaji yote ya mchezo huu.

Kama unarusha ndani kwa mita 18, au unajifunza bado na hujapita mita 30, usinunue darubini ya stendi kabisa. Darubini ya macho mawili ya 8x42 au 10x42 (inakuza mara 8 au 10, lenzi ya mbele milimita 42) inatosha, unaining'iniza shingoni, na ukihamia mita 50 bado itakufaa kidogo. Tatizo lake ni mkono: baada ya kuvuta upinde mara sita mkono unatetemeka, na ukuzaji wa mara 10 unakuza na mtetemeko huo mara 10.

Sasa namba za kwenye boksi. Darubini za bei ya chini karibu zote ni za kuvuta, yaani ukuzaji unabadilika, na huandikwa kwa mtindo wa 20-60x60 au 25-75x70. Namba mbili za kwanza ni ukuzaji wa chini na wa juu. Ya mwisho ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Mnunuzi mgeni hukimbilia namba kubwa ya katikati. Wewe angalia namba ya kwanza, kwa sababu ndiyo utakayoitumia siku zote.

Kwa nini mara 60 haikufai? Kwanza mwanga. Gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji, utapata upana wa mwali unaoingia jichoni: 60 kwa 20 ni milimita 3, picha inang'aa. 60 kwa 60 ni milimita 1, picha inafifia kama jioni, na jicho likisogea kidogo tu unaona giza. Pili, eneo linaloonekana. Darubini ya kawaida ya 20-60x60 kwa mara 20 inaonyesha upana wa karibu mita 35 kwenye umbali wa mita 1,000, sawa na mita 2.4 hivi kwenye mita 70. Unaiona shabaha yako nzima na kingo za majirani, hivyo huwezi kuhesabu mishale ya mtu mwingine kwa makosa. Kwa mara 60 upana huo hushuka hadi karibu mita 1.2. Karatasi yenyewe ni sentimita 122. Stendi ikiguswa, unaanza kutafuta shabaha upya huku muda unakwenda.

Tatu ni joto. Saa sita mchana kwenye kiwanja cha nyasi kavu, hewa iliyo karibu na ardhi inachemka na picha inacheza kama kitu kilicho chini ya maji. Ukuzaji mkubwa unakuza mchezo huo pia. Hakuna lenzi inayotibu hilo, hata ya bei ya pikipiki.

Kwa hiyo kati ya 20-60x60 na 25-75x70 za bei moja, chukua ile inayoanzia 20, isipokuwa ukiwa unarusha mita 70 na 90 tu. Ukibahatika kupata ya 15-45x50, nayo ni nzuri kwa mita 50, nyepesi, na haihitaji stendi nzito. Kwa bei za mtandaoni, 20-60x60 ya kawaida hupatikana chini ya dola 100 za Marekani. Weka kando nauli na ushuru, ambavyo kwetu Afrika Mashariki vinaweza kubadilisha hesabu nzima. Uliza kabla ya kubonyeza.

Kuna udanganyifu mmoja unaojirudia: kibomba kidogo cha jicho moja kilichoandikwa 40x60, kinauzwa kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Mara nyingi ukuzaji wake wa kweli hauvuki 10 au 12. Kukipima ni rahisi. Elekeza kifaa kwenye anga angavu (kamwe usielekeze kwenye jua, utapofuka), kishike sentimita 30 kutoka usoni, utazame lenzi ya jicho. Utaona kiduara cha mwanga. Pima kipenyo chake kwa rula. Kama lenzi ya mbele ni milimita 60 na kiduara ni milimita 6, ukuzaji ni 10, andiko liseme litakalo. Fanya hivyo hivyo na darubini ya 20-60x60 ikiwa imewekwa kwenye 20: kiduara kiwe milimita 3. Kikiwa 2, kuna pete ndani inayoikata lenzi, na umelipia milimita 60 ukapewa 40. Kagua umbo lake pia. Kiduara kilicho mviringo kamili ni dalili ya prizimu nzuri, yaani vile vioo vya ndani vinavyoigeuza picha ikae wima. Kikiwa na pembe za kijivu kama mraba uliochongwa, prizimu ni za kioo cha chini. Kwenye boksi kioo bora huandikwa BAK4 na cha kawaida BK7. Herufi FMC maana yake lenzi zote zimepakwa tabaka nyingi za kuzuia mwanga usiakisiwe, jambo lenye faida ya wazi ukirusha kuelekea jua la jioni.

Jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wameshanunua ni pembe ya lenzi ya jicho. Zipo zilizonyooka na zilizopinda nyuzi 45. Iliyonyooka ni rahisi kuilenga, lakini lazima iinuliwe hadi usawa wa jicho. Na hapo unagongana na kanuni: World Archery inaruhusu darubini kwenye mstari mradi isiwazuie wengine, na sehemu yake ya juu kabisa isizidi usawa wa kwapa la mrushaji. Darubini iliyonyooka ikishushwa hadi kwapani inakulazimu kuinama kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo, na mkao wako wa miguu unaharibika kila baada ya mshale. Chukua iliyopinda. Hakikisha pia ina pete ya kuizungusha kwenye mguu wake, ile yenye skrubu ya pembeni: unailegeza, unalaza lenzi ya jicho upande wako, unaikaza. Bila pete hiyo lenzi itatazama juu na nyuma tu, nawe itabidi uzunguke nyuma ya darubini kuangalia.

Mvaaji miwani atafute umbali wa jicho (jicho linavyoweza kukaa mbali na lenzi na bado likaona picha nzima) usiopungua milimita 15 kwenye maelezo, na mdomo wa raba unaokunjika au kuzungushwa chini. Ukipungua hapo utaona katikati ya picha tu, kama unatazama kupitia bomba.

Stendi ndiyo inayoua darubini nyingi nzuri. Ile ndogo ya mezani inayokuja ndani ya boksi ina urefu wa shubiri, wape watoto. Tenga theluthi ya bajeti kwa stendi ya miguu mitatu inayofika kifuani bila kuvuta nguzo ya katikati, kwa sababu nguzo hiyo ikipanda tu, upepo unaitikisa kama mlingoti. Iwe na ndoano chini ya kuning'iniza chupa ya maji ya lita moja na nusu. Skrubu ya kufungia darubini kwa kawaida ni ya robo inchi, sawa na za kamera, hivyo stendi ya mpiga picha wa harusi iliyotumika inafaa kabisa, na mara nyingi ni imara kuliko mpya za bei hiyo hiyo. Jaribu hivi: funga darubini, igonge kwa kidole, uhesabu. Picha ikitulia ndani ya sekunde mbili, nunua. Ikiendelea kuyumba hadi tano, achana nayo.

Kabla ya kutoa pesa dukani, au siku ya kwanza mzigo ukifika na bado una haki ya kurudisha, chapisha mistari mitatu ya herufi kubwa kwa saizi 20, ambazo hutoka na urefu wa milimita 5 hivi. Bandika karatasi ukutani, hesabu mita 50, weka ukuzaji 20. Unapaswa kuzisoma zote, hata zile zilizo kando ya picha. Kama katikati pamekaa sawa lakini kingo zimetapakaa, vumilia. Unaweka shabaha katikati. Kama katikati penyewe hapakai sawa, au unazungusha fokasi ukipita ile sehemu safi bila kuipata, rudisha. Halafu chomeka mshale mmoja kwenye boksi jeusi umbali huo huo. Rangi ya zambarau kidogo kwenye kingo za mshale ni kawaida ya bei hii.

Kuipanga kwenye mstari kuna mpangilio wake. Simama kwanza kwenye mkao wako wa kurusha, ndipo ulete stendi, usifanye kinyume. Kwa anayerusha kwa mkono wa kulia, bega la kushoto liko upande wa shabaha, hivyo darubini inakaa mbele ya kifua ikitazama kushoto, lenzi ya jicho imelazwa kukuelekea. Unapaswa kushusha kichwa tu, nyayo zisisogee. Vuta upinde bila kuachia, umwombe mwenzako aangalie kama ncha za upinde au fimbo za mizani, zile zinazotokeza kwenye upinde kuutuliza, zinakaribia stendi. Kumbuka baada ya mshale kutoka upinde huanguka mbele na ncha ya chini hurudi upande wako. Acha angalau upana wa kiganja. Weka njano, yaani kitovu cha shabaha, katikati ya picha, kaza kila kitu, usiguse tena. Ikiwa njano imehama kati ya mshale wa kwanza na wa tatu, kichwa cha stendi kinateleza kwa uzito; sogeza darubini mbele au nyuma kwenye kibao chake mpaka isimame yenyewe bila kukazwa.

Neno moja kuhusu kutajiana mahali mshale ulipo. Makocha wengi hutumia uso wa saa, na hapa Waswahili tunajitega wenyewe. Kwa Kiingereza saa ya tatu ya uso huo ni kulia. Lakini tukisema saa tatu, mshale mfupi wa saa unaonyesha tisa, yaani kushoto! Wawili wakielewana nusu nusu, mmoja atasogeza saiti upande usio sahihi na kundi lote la mishale litahama. Semeni juu, chini, kulia, kushoto, na rangi: "nyekundu, chini kulia." Yamekwisha.

Kama baada ya yote haya mishale bado haionekani, tazama noki, ile plastiki ya nyuma inayonasa ugwe. Noki nyekundu inapotea kwenye saba na nane, ya njano kwenye tisa na kumi, nyeusi kwenye tatu na nne. Noki ya kijani kibichi au waridi kali inaonekana kwenye rangi zote tano. Dazeni moja ni bei ndogo kuliko tofauti ya darubini mbili, na kuna watu wameahirisha kununua darubini mpya kwa sababu yake.

Ukinunua iliyotumika, hasa kutoka Mombasa, Unguja, Dar es Salaam au popote pwani, washa tochi ya simu, uimulike kwenye lenzi ya mbele na utazame kwa upande, si kwa kunyoosha. Vumbi kidogo halina neno. Nyuzi nyembamba zilizotandaa kama utando wa buibui ni kuvu, limekula rangi ya lenzi ndani na halifutiki. Yako usiifungie kwenye begi ikiwa na unyevu wa mvua. Ikaushe mezani usiku kucha vifuniko vikiwa wazi, kisha itie begini na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya. Lenzi ipulizwe kwanza ndipo ifutwe kwa kitambaa cha miwani. Pindo la fulana lina mchanga.