Anza na Mbinu, Muhtasari Uache Mwisho

Anayeandika ripoti ya utafiti wa saikolojia asianze na muhtasari. Aanze na sehemu ya mbinu, kwa kuwa ndiyo inayosahaulika upesi mara tu madaftari yanapofungwa. Tuseme umepima kumbukumbu za wachuuzi wa dagaa pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza: kuandika kwamba washiriki 40 walipimwa hakutoshi, bali eleza walipatikanaje, walikuwa na umri gani, waliridhia vipi kushiriki, orodha ya maneno ya kukumbuka ilisomwa kwa Kiswahili au kwa Kisukuma, na kama zoezi lilifanyika wakati mzigo unashushwa, maana kelele za saa ile zingemvuruga hata mtafiti mwenyewe. Msomaji aliyeko Bukoba aweze kuurudia utafiti huo bila kukupigia simu. Katika matokeo, toa wastani pamoja na mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika kuuzunguka wastani), na thamani ya p (uwezekano wa kupata matokeo kama hayo au makubwa zaidi iwapo kwa kweli hakuna tofauti) iandikwe yenyewe, mathalani 0.032, badala ya kusema tu kwamba iko chini ya 0.05, na maelezo ya maana ya matokeo hayo yaachie sehemu ya mjadala. Neno “imethibitisha” mimi hulifuta kila nilionapo, kwa kuwa utafiti mmoja huunga mkono dai tu. Muhtasari, ambao kwa mtindo wa uandishi wa APA (Chama cha Saikolojia cha Marekani) kwa kawaida hauzidi maneno 250, uandikwe siku ya mwisho.