Kukwea mti utakaobaki hai: tumia kamba, acha spaiki

Ukiitwa kupunguza matawi ya mjakaranda Lavington au mgrevilea Kasarani, jijini Nairobi, spaiki (vyuma vyenye ncha vinavyofungwa miguuni ili kukwea) zibaki kwenye gari. Kila zinapokanyaga hutoboa gome hadi tabaka hai linalonenepesha shina. Kanyaga kila sentimita 30 hadi mita 12, na umeacha vidonda 40 kwa safari moja. Mti hauwezi kujaza upya sehemu iliyotobolewa; huifungia ndani tu, na mara nyingi ukungu na wadudu huwa wamekwisha kuingia. Mteja haoni lolote siku hiyo, ndiyo maana ni jukumu la fundi kukataa. Spaiki ni za mti unaoangushwa wote, au za kumfikia haraka mwenzako aliyeumia juu.

Vifaa. Kamba ya kupandia isiyovutika, milimita 11.5 hadi 13. Tawi la kutundikia likiwa mita 15 juu, beba mita 35. Mkanda wa kiunoni na mapajani uliotengenezewa kazi ya miti, karabina (pete za metali zenye mlango) zinazojifunga zenyewe, kamba fupi ya kiunoni ya kuzungushia shina, kofia ngumu, uzi wa kurushia na kifuko chake cha gramu 300. Kamba ya kufungia mizigo haipandiwi, hata iwe mpya.

1. Kagua ukiwa chini. Tafuta uyoga kwenye shina, ufa kwenye panda, na nyuki. Kaa angalau mita 3 kutoka nyaya za stima. Tawi likiwa limezifikia, usiguse mpaka Kenya Power wazime. Mti wa kando ya barabara unahitaji ruhusa ya kaunti kwanza.

2. Tundika kamba. Rusha kifuko juu ya tawi hai lenye unene usiopungua sentimita 10, karibu kabisa na shina. Matawi ya mgrevilea hukatika ghafla, kwa hiyo chagua nene zaidi hata kama liko chini kidogo. Pitisha kamba kwenye mkanda wa pete mbili wa kulinda gome, kwa sababu kamba inayosugua tawi huchubua pia. Kisha watu wawili waning'inie pamoja kwenye kamba kulijaribu tawi, miguu ikiwa karibu na ardhi.

3. Funga fundo la Blake, linalosogea ukilisukuma na kubana ukining'inia. Hapa ndipo wengi hukosea. Funga kamba kwenye karabina ya mkanda, ukiacha mkia wa mita moja na nusu. Zungusha mkia huo kwenye upande wa pili wa kamba mara nne kwenda juu, mizunguko miwili ya kwanza ikibana kidole gumba. Rudisha ncha chini, ipite mbele ya kipande kinachotoka kwenye mkanda, nyuma ya kamba kuu, kisha juu kupitia mizunguko miwili ya chini, pale kidole kilipokuwa. Ikipita chini ya yote minne, fungua uanze upya. Malizia ncha kwa fundo lenye umbo la tarakimu 8.

4. Panda. Jaribu fundo ukiwa sentimita 30 tu juu ya ardhi. Jivute, sukuma fundo, usiache kamba ilegee. Kabla ya kuwasha pawa (msumeno wa injini), funga pia kamba ya kiunoni. Ukishuka, shuka polepole: joto la msuguano huyeyusha nyuzi.

Hata kwenye mti wa kuangushwa, spaiki hazichukui nafasi ya kamba. Gome la mkaratusi hubanduka, spaiki ikachomoka, na kamba ya kiunoni peke yake haiwezi kukuteremsha.