Saa ya spidi ya lori la zamani: anzia kwenye kebo kabla hujanunua saa

Hapa Tabora bado yapo malori ya zamani ambayo saa yake ya spidi haina waya wa umeme hata mmoja isipokuwa ule wa taa, na saa hiyo inapokufa wenye lori wengi hukimbilia kununua nyingine ya mtumba. Haraka hiyo ni hasara, kwa sababu mara nyingi saa yenyewe ni nzima na ubovu uko kwenye kebo inayoiendesha, yaani waya unaozunguka ndani ya ganda.

Kebo hiyo hupokea mzunguko kutoka nyuma ya giaboksi, ambako pinioni, yaani gia ndogo yenye meno, aghalabu ya plastiki ngumu, huzungushwa na shafti inayopeleka nguvu kwenye propela, mhimili unaokwenda kwenye magurudumu ya nyuma. Ndani ya saa, kebo huzungusha sumaku iliyo karibu na kikombe chepesi cha alumini bila kukigusa. Sumaku hukivuta kikombe pamoja na mshale, na springi nyembamba kama unywele huvuta kuurudisha kwenye sifuri. Mzunguko huohuo, kwa njia ya gia ndogondogo, ndio unaosogeza namba za kilomita.

Kwa hiyo, kabla ya kushika spana, endesha lori kidogo na utazame mshale na namba kwa pamoja. Vyote viwili vikiwa vimekufa, tatizo liko kwenye kebo, pinioni au maungio yake. Namba zikisogea huku mshale umelala, au mshale ukipanda huku namba zimeganda, kebo haina kosa na ubovu umo ndani ya saa. Mshale unaorukaruka, hasa katika mwendo mdogo, pamoja na sauti ya kukwaruza au kulia nyuma ya dashibodi, ni dalili ya kebo kavu, chafu au iliyopinda.

Vyote viwili vikiwa vimekufa, fungua nati ya kebo nyuma ya saa, acha upande wa giaboksi ukiwa umefungwa, kisha mwambie utingo atazame ncha ya kebo wakati lori linasogea mbele taratibu. Ncha ikizunguka, chunguza kama pembe zake nne zimelika na kama inaingia sawasawa kwenye tundu la saa. Isipozunguka, ubovu uko kwenye kebo au pinioni, na utazikagua kama nitakavyoeleza hapa chini. Ukitaka kufanya kipimo hiki lori likiwa limesimama, unaweza kuinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki na kulizungusha kwa mkono, injini imezimwa na gia iko huru, lakini weka kwanza magogo mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Hendibreki ya malori mengi ya zamani hukamata propela, hivyo gurudumu moja likiwa hewani haizuii lori kuondoka kwenye jeki, na ili kipimo kifanyike lazima uwe umeiachia.

Chomoa waya wa ndani kutoka kwenye ganda lake. Kwa malori mengi hutoka kwa upande wa juu. Msimu mmoja wa tumbaku nililetewa lori lililotoka Urambo na mshale uliolala, na mwenyewe alikuwa tayari na saa ya mtumba mkononi. Nilipovuta waya, kilitoka kipande cha urefu wa mkono tu, ncha yake imefumuka kama ufagio wa chelewa na nyuzi zimekuwa nyeusi kwa joto. Fundi aliyetangulia alikuwa amelifunga ganda kwa waya kando ya bomba la ekzosi, grisi ikaungua na kebo ikakatika. Saa haikuwa na kosa lolote. Ndiyo maana nasisitiza njia ya kebo: ipite mbali na ekzosi, isibanwe na kebini, na isipinde kwa mkunjo mkali, mkunjo wenye nusu kipenyo kisichopungua sentimita 15 unatosha.

Waya ukitoka mzima, uoshe kwa mafuta ya taa na uukaushe. Kisha shika ncha zote mbili, uache waya uning'inie katikati, na uzungushe ncha moja polepole kwa vidole. Ncha ya pili ikifuata bila kusita, waya ni mzima. Ikichelewa halafu ikaruka ghafla, waya umepinda, na hakuna kuunyoosha kunakodumu, kwa hiyo nunua mwingine wenye urefu uleule. Paka grisi nyepesi kiasi kidogo, ukiacha sentimita 20 za juu zikiwa kavu. Grisi nyingi hupanda hadi ndani ya saa, ikagusa kikombe, na mshale ukaanza kuonyesha spidi isiyokuwepo.

Ukikuta ganda limejaa oili ya gia, sili ya pinioni imechoka. Ibadilishe kabla ya kufunga kebo safi. Wakati pinioni iko nje, tazama meno yake. Likikatika jino moja, mshale hucheza. Yakiisha yote, kebo haizunguki kabisa. Pinioni mpya lazima iwe na idadi ileile ya meno, la sivyo saa itasema uongo daima.

Kama ubovu umebaki ndani ya saa, mpelekee fundi wa saa za magari. Springi ile ya mshale ikiguswa na bisibisi huharibika mara moja, na mimi sishauri mtu kuijaribu barabarani.

Ukimaliza, hakikisha usahihi wake kwenye barabara kuu yenye nguzo za kilomita, kwa mwendo usiobadilika, huku utingo akihesabu sekunde kwa saa ya mkononi. Kilomita moja kwa sekunde 60 ni spidi ya 60, na kwa sekunde 72 ni spidi ya 50. Tofauti ndogo isiyobadilika mara nyingi hutokana na matairi. Lori lililotoka kwenye tairi za saizi ya 9.00-20 likavishwa za 10.00-20, ambazo ni kubwa zaidi, hutembea haraka kuliko saa inavyoonyesha kwa takriban asilimia 3 hadi 4, kwa hiyo mshale unapogusa 80, kikomo cha malori yanayozidi kilo 3,500, mwendo wa kweli unakaribia 83. Dereva wa lori kama hilo na aelezwe hivyo kabla hajapakia.