Usipunje: kwa Mkristo anayepima nafaka sokoni

Bwana Yesu asifiwe. Nauza mchele na maharage sokoni hapa Mbeya, na wadogo zangu wanaoanza biashara huniuliza wafanyeje ili wampendeze Mungu kazini. Wengi hutegemea niwaambie wafunge na kuomba. Fungeni, ombeni, ni vizuri sana. Ila mimi naanza na mizani, kwa sababu Mungu mwenyewe ameitaja. Fungua Walawi 19: sura ileile inayokuamuru umpende jirani yako kama nafsi yako ndiyo inayokuagiza uwe na mizani ya haki na mawe ya haki.

Basi kabla ya mteja wa kwanza, futa sahani. Vumbi la unga na punje zilizoganda zina uzito, na anayeulipia ni mteja. Hakikisha mshale umesimama kwenye sifuri. Kisha weka chupa ya maji ya lita moja na nusu ambayo haijafunguliwa. Uzito wake ni kilo moja na nusu na gramu chache za plastiki. Mizani ikisoma kilo 1.7, inapunja. Acha kuitumia, ipeleke kwa fundi, halafu Wakala wa Vipimo waihakiki upya. Stika yao ni ya mwaka mzima, lakini mizani inaweza kuharibika wiki ijayo, kwa hiyo usijifiche nyuma ya stika.

Wanaopima kwa kopo au sado, geuzeni kitako mkitazame. Kitako kilichobonyezwa kuingia ndani kinakula nafaka ya mtu kila kipimo. Kopo la namna hiyo litupe, usimwuzie mwenzako. Ukipima mchele, sukasuka kopo ushuke, kisha jaza tena. Yesu katika Luka 6:38 alikitaja kipimo cha namna hiyo hasa, kilichoshindiliwa na kusukwasukwa. Hapo ndipo nyongeza ianze. Nyongeza juu ya kipimo pungufu si ukarimu.

Sasa upande ambao mahubiri huusahau: kununua. Kumbukumbu la Torati 25:13-14 inakataza kuwa na vipimo viwili, kikubwa na kidogo. Kikubwa cha nini? Ni cha kumnunulia mkulima. Ndiyo lumbesa hiyo: gunia limeongezwa kichwa, limeshonewa kamba juu, halafu mkulima analipwa gunia moja. Amelima, amepalilia, amevuna, na sehemu ya jasho lake inaondoka bure mbele ya macho yake, naye hasemi kitu kwa sababu ada ya shule inamsubiri. Jambo hili linaniuma sana, maana wanunuzi wengine nawaona kanisani. Wewe nenda shambani na mizani yako, lipa kwa kilo. Mizani ileile inunue, ileile iuze.

Utaniambia, "Dada, wenzangu wote wananunua lumbesa, nitapata hasara." Ni kweli, gharama yako itakuwa juu kuliko yao. Weka bei inayokulipa na uitaje wazi. Bei mteja anaiona, anaweza kuikataa akaenda meza ya pili. Mchele uliopunguzwa hauoni.

Ukichanganya mchele wa Kyela na wa bei ya chini, andika kwenye kadibodi "mchanganyiko". Mpagazi alipwe kabla jua halijazama, agizo hilo nalo limo katika Kumbukumbu la Torati 24:15. Na usidhani fungu la kumi litasafisha faida ya kupunja. Mathayo 23:23 isome taratibu.

Kama ulishapunja, kutubu kwenye maombi peke yake hakutoshi. Hesabu 5:7 inasema ukiri, urudishe chote, na uongeze sehemu ya tano: kama ni shilingi 10,000, rudisha 12,000. Huo si ununuzi wa wokovu, Yesu ameshalipa msalabani. Lakini Zakayo alipompokea Yesu nyumbani kwake, alisimama akataja mali, maskini, na watu aliowadhulumu.

Anza na unaowafahamu, kama mama lishe anayenunua kwako kila asubuhi. Mwambie ana kwa ana: "Mama, kopo langu lilikuwa pungufu, hiki ni haki yako." Usimrudishie kimyakimya kwa jina la nyongeza, maana atakushukuru kwa mali yake mwenyewe. Akikasirika, mwache akasirike. Kwa wale usiowajua, kadiria kwa haki, ukiwa na shaka zidisha, uwape wajane na wagonjwa wa mtaani kwako, na usikihesabu kiasi hicho kuwa sadaka. Yaandike yote kwenye daftari la madeni, chini ya deni la pango na la msambazaji, ukate mstari kila unapolipa.