Zulia la kijani bwawani: livune, usilipulizie dawa

Chota maji ya juu kwa kiganja kwenye bwawa lililofunikwa kijani, kisha yaache yachuruzike. Kilichobaki mkononi si mwani. Mwani huteleza na huwezi kuuhesabu, lakini hivi ni vijani kamili, kila kimoja milimita 2 hadi 5, vimeshikana viwili au vitatu, na chini ya kila kimoja unaning'inia mzizi mmoja mwembamba kama uzi. Kitaalamu mmea huu unaitwa lemna.

Hapa Tabora mvua zikiisha mwezi wa tano, maji ya malambo na mabwawa ya samaki hutulia, na lemna hupata nafasi. Haipendi mkondo wala mawimbi. Mfugaji akiona maji yamefunikwa, swali lake la kwanza huwa: "Bwana shamba, nipulize dawa gani?" Jibu langu halijawahi kubadilika. Usipulize chochote.

Lemna haisubiri mbegu. Kijani kimoja huchipuza kingine ubavuni, na kwenye maji ya vuguvugu yenye lishe idadi yake huongezeka maradufu kila baada ya siku 2 au 3. Zulia likijaa, jua haliingii tena majini, mwani wa ndani unashindwa kutengeneza hewa, na upepo nao haugusi maji. Alfajiri utakuta sato wako juu, midomo wazi, wanatweta. Sasa ukiliua zulia lote kwa mkupuo mmoja, litazama na kuoza, na kuoza kwenyewe kunamaliza hewa ndogo iliyokuwa imebaki. Dawa ya wadudu iliyobaki stoo baada ya msimu wa tumbaku ni mbaya zaidi, kwa kuwa nyingi ya dawa hizo ni sumu kali kwa samaki. Na lambo hilohilo ng'ombe wanalinywa, na watoto wanachota.

Kabla ya kuvuna, tazama mizizi. Mimi huanzia hapo kila nikifika kwenye bwawa. Mizizi mifupi na jani la kijani kilichokolea maana yake maji yamejaa lishe, yaani kuna samadi au mbolea inayoingia. Mizizi mirefu na jani lililopauka maana yake maji yameishiwa, na zulia hilo halina protini nyingi ya kukusaidia. Lemna iliyokua kwenye maji yenye lishe, ikikaushwa, huwa na protini ya asilimia 20 hadi 40. Mfugaji anayenunua mashudu na dagaa kila wiki aisome hesabu hiyo mara mbili.

Kuvuna hakuhitaji mashine. Subiri upepo wa mchana uisukume lemna hadi ukingo mmoja, kisha nyoosha kamba yenye chupa tupu za plastiki na uivute taratibu kuelekea kwako. Zoa kwa chekeche. Kwenye bwawa la samaki usiache zulia lizidi robo ya uso wa maji. Lakini ukiamua kuilima kama chakula, ichimbie kidimbwi chake pembeni, chenye kina cha sentimita 30 hadi 50 tu, na kila unapovuna bakiza nusu ili iendelee kuzaana.

Vaa mabuti. Konokono wa kichocho hupenda maji yaleyale yaliyotulia, na hakuna debe la lemna linalostahili ugonjwa huo.

Sato wakubwa huila mbichi, lakini warushie kiasi watakachomaliza siku hiyo. Kuku wape iliyosuuzwa na kuchanganywa na pumba, uanze na kidogo ili wazoee. Baada ya muda kiini cha yai kitakuwa cha njano iliyokolea, na wateja watakiona. Ng'ombe na mbuzi usiwape mbichi, maana minyoo ya ini hujishikiza kwenye mimea ya majini. Kwa kuhifadhi, itandaze nyembamba juu ya turubai na uigeuze mara kwa mara. Usishangae ikinywea: kilo 100 mbichi hubaki kilo 5 hadi 8 tu, kwa sababu karibu yote ni maji. Na isiwe imetoka kwenye mtaro wa mjini au dimbwi lililo karibu na gereji. Mmea huu hunyonya madini yenye sumu, na sumu hiyo humfikia anayekula kuku.

Bado kuna kazi ya juu ya bwawa. Ukivuna kila wiki na lemna ikarudi vilevile na mizizi mifupi, panda mteremko ukatafute lishe inakotoka: zizi, choo, au shamba la tumbaku lililowekwa mbolea juzi na mvua ikapita. Zungusha mtaro wa kuchepusha maji ya zizi, na uache ukanda wa nyasi usiolimwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa zibaki bila shughuli za kudumu za binadamu. Wengi tunalima hadi kwenye tope. Baada ya mtaro kukamilika, chota tena kiganja kimoja kila wiki na upime mizizi kwa jicho. Ikianza kurefuka, ujue samadi imeacha kuingia.